Nozeli za Waipa Zinazokosea Kioo: Kugeuza, Kuzibua au Kuweka Nyingine?

Gari likishazeeka, maji ya waipa huanza kwenda yanakotaka. Nozeli ya upande mmoja inarusha juu ya paa hadi kwenye kioo cha anayekufuata. Ya upande wa pili inamwaga kwenye boneti, na waipa inapita kwenye vumbi kavu na kuchora kioo. Wengi huchukua pini palepale na kuanza kuchokonoa. Kuna wakati inasaidia. Lakini zipo nozeli ambazo pini hiyohiyo ndiyo inayoziua, na zipo nyingine ambazo mwelekeo wake haukuwa na kosa lolote.

Njia zilizopo ni nne: kugeuza nozeli hapohapo ilipo, kuizibua, kuitoa na kuweka nyingine ya aina ileile, au kuhamia aina tofauti inayotawanya maji kwa upana. Zinapishana kwa gharama, kwa muda, na kwa hatari ya kuvunja kitu kingine njiani, jambo ambalo kwenye gari la zamani si dogo. Msimamo wangu niutaje mapema: zibua kabla ya kugeuza, hata kama una hakika kwamba tatizo ni mwelekeo. Sababu iko kwenye tundu lenyewe.

Tazama maji kwanza

Tundu la nozeli ni dogo sana, upana wake ni kama milimita 1 au pungufu. Kila ukimaliza kutumia, tone moja hubaki mdomoni, linakauka na kuacha chokaa na madini mengine yaliyokuwa kwenye maji. Ukoko huo haujengeki sawasawa kuzunguka tundu. Ukikaa zaidi upande mmoja, mkondo unapinda, vilevile kama unavyopinda ukibana nusu ya mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole gumba. Basi mtu anaona maji yanakwenda kushoto, anageuza nozeli kulia, anaridhika. Siku ukoko ukibanduka wenyewe, maji yanahamia kulia kuliko mwanzo, naye anarudi na pini yake.

Kwa hiyo uchunguzi unaanza na macho. Lowesha kioo na ukifute ili waipa zisisage vumbi, washa swichi bila kuwasha injini, kisha mwenzako akae kwenye usukani abonyeze kwa sekunde mbili tatu huku wewe umesimama ubavuni mwa gari. Pampu isibonyezwe kwa muda mrefu, na isizunguke kabisa tangi likiwa tupu, kwa sababu maji yanayopita ndani ndiyo yanayoipoza.

Mkondo ukitoka mnene, umenyooka, haujachanika, ila unatua pasipotakiwa, hapo kweli mwelekeo ndio wenye kosa. Ukitoka umechanika, au una vinyunyu vinavyoruka pembeni, kuna uchafu mdomoni. Ukitoka mzima lakini ukaanguka mapema kama uliochoka, presha haitoshi, na kugeuza nozeli kuelekea juu kutaficha tatizo kwa muda tu. Hali ya nne hupuuzwa sana: mkondo unaotua mahali tofauti kila ukibonyeza. Hapo ama gololi ya ndani inayoelekeza maji imelegea, ama nozeli nzima inacheza kwenye boneti. Ishike kwa vidole uitikise. Ikicheza, usiguse pini kwanza.

Ukiwa na shaka kati ya uchafu na presha, fungua boneti, chomoa mpira kwenye nozeli, elekeza ncha yake kwenye chupa na bonyeza tena. Maji yakitoka kwa nguvu, nozeli ndiyo iliyoziba. Yakitoka kwa unyonge, sahau nozeli na fuata mpira kurudi nyuma hadi kwenye tangi.

Nozeli yako ni ya aina gani

Kwenye magari ya zamani utakutana zaidi na nozeli ya gololi. Ndani ya kikombe cha plastiki kuna kijigololi cha shaba au plastiki chenye tundu katikati, nacho kinazunguka kwenye kiti chake. Nyingine zina gololi mbili au tatu, kila moja na mkondo wake. Hii imetengenezwa ili igeuzwe.

Ya pili ni isiyogeuka: tundu limetobolewa moja kwa moja kwenye plastiki au chuma, na mwelekeo wake unatokana na jinsi nozeli ilivyokaa kwenye boneti. Ya tatu ni ya kutawanya, maarufu kama ya feni. Mdomo wake ni mwanya mwembamba badala ya tundu la duara. Ndani yake kuna chemba yenye umbo maalumu linaloyafanya maji yayumbe kushoto na kulia kwa kasi kubwa bila kifaa chochote kinachocheza, ndiyo maana jicho linaona pazia moja la maji. Umbo hilo likikwaruzwa kidogo tu, pazia linachanika na halirudi. Ukiona mwanya badala ya tundu, weka pini chini.

Baadhi ya magari hubeba nozeli kwenye mkono wa waipa wenyewe. Hizo zinatoa maji karibu na raba, kwa hiyo suala la mwelekeo ni dogo. Kinachozisumbua ni mpira mwembamba unaojikunja na kupasuka kila waipa inapokwenda na kurudi.

Kugeuza: rahisi, na kuna mipaka

Kwa nozeli ya gololi yenye mkondo mzima, hakuna njia inayoshinda hii. Haigharimu kitu, na usipokuwa na pupa hakuna kinachoharibika. Ingiza pini kwenye tundu milimita 2 au 3 tu, kisha iinamishe. Pini inakuonyesha njia ya maji: kichwa chake kinakoelekea ndiko mkondo utakakokwenda. Ichomoe, jaribu, rudia.

Wanaoanza wanageuza kupita kiasi. Digrii 1 tu, kwa umbali wa sentimita 60, inahamisha mkondo kama sentimita 1, na kwa kuwa kioo kimelala, alama kwenye kioo inasogea zaidi ya hapo. Ukiona gololi imezunguka kwa macho yako, huenda umeshapita ulipotaka. Msaada mzuri ni kubandika vipande vidogo vya utepe wa gundi kwenye kioo, nje, pale unapotaka maji yatue, ili usigombane na kumbukumbu yako baada ya kila jaribio.

Yatue wapi? Gari likiwa limesimama, mkondo wa upande wa dereva ufike juu kidogo ya katikati ya eneo linalofutwa na waipa. Usiishie katikati kabisa, na usikaribie ukingo wa juu. Gari likishika kasi, upepo unausukuma mkondo nyuma kwenye kioo kabla haujamaliza kupanda, kwa hiyo unatua chini kuliko ulivyotua limesimama. Kisha upepo huohuo unayapandisha maji kwenye kioo. Nozeli iliyolengwa vizuri sana kwenye maegesho inaweza kulowesha ukingo wa chini tu barabarani. Kama kitabu cha gari lako kinatoa vipimo vya kutoka ukingo wa kioo, vifuate hivyo uyaache haya yangu. Nozeli ikiwa na mikondo miwili, mmoja upandishwe juu kuelekea katikati ya kioo na mwingine ukae chini zaidi upande wa nje. Ikipiga yote mahali pamoja umepoteza nusu ya faida yake.

Kuhusu kifaa. Sindano ya kushonea ni ngumu na hukatika, na kipande kikibaki ndani ya tundu, kazi ya dakika tano imegeuka kuwa ya kununua nozeli. Pini yenye kichwa ni laini zaidi: itapinda kabla ya kukatika, nayo ndiyo ninayoipendelea. Waya mwembamba wa gitaa ni mzuri kwa kuzibua, lakini kwa kugeuza unajikunja na kukudanganya kwamba gololi imesogea. Kipo kifaa maalumu, kijiti chembamba cha chuma chenye mpini, na kwa mtu anayeshughulikia magari mengi kina maana. Kwa gari moja, pini inatosha. Na vaa miwani. Uso unakuwa karibu sana na kitu chenye ncha na maji yenye presha.

Gololi ikigoma, usiilazimishe. Mwagia nozeli maji ya moto yasiyochemka, weka matone ya siki juu yake, subiri, jaribu tena. Mafuta ya kulegeza kutu hufanya kazi, ila yanaacha utando kwenye kioo unaomeremeta usiku, na mipira ya maji haipatani na mafuta ya petroli. Nikilazimika kuyatumia nafanya hivyo nozeli ikiwa mezani, haijafungwa kwenye gari.

Upande wa pili wa tatizo ni gololi iliyochoka, inayogeuka hata ukiigusa kwa ukucha. Hiyo utailenga leo na presha ya maji itaisogeza kesho. Wapo wanaoiganda kwa gundi kali. Siipendi njia hiyo: gundi hupenda kutambaa hadi kwenye tundu, na hata isipofika huko, umeondoa uwezo wa kuirekebisha milele. Gololi iliyolegea ni ya kubadilishwa.

Kuzibua: juu ya gari au mezani?

Kuzibua nozeli ikiwa mahali pake ni haraka. Kwa ya tundu la duara, pitisha waya mwembamba ndani na nje mara chache, loanisha kwa siki, bonyeza maji. Kasoro yake ni kwamba waya unausukuma uchafu ndani, nyuma ya tundu, unakokaa ukisubiri mkondo uurudishe mdomoni. Ikiwa gari lilizibuliwa na likaziba tena ndani ya muda mfupi, hiyo ndiyo maana yake mara nyingi.

Kuitoa kunachukua muda zaidi, lakini unapata nafasi ya kusukuma uchafu kwa njia sahihi, yaani kutoka mdomoni kurudi ulikoingilia. Loweka nozeli kwenye siki ya kawaida. Asidi yake inayeyusha chokaa bila kudhuru plastiki. Zenye shaba au kromu zisilale humo usiku kucha. Baada ya hapo pitisha maji safi kwa sirinji kutoka mdomoni, na kama una kompresa, upepo kidogo kwa mwelekeo huohuo. Kwa nozeli ya feni, hii ndiyo njia pekee ninayoikubali: siki, maji ya kurudi nyuma, upepo wa taratibu, bila waya wowote.

Usipulize upepo wa kompresa nozeli ikiwa bado imeunganishwa na mpira. Presha ile inakimbilia kwenye viungo vya mipira na kuvichomoa mahali usipopaona, na kinachofuata ni kuvua plastiki za chini ya waipa ukitafuta maji yanakovujia.

Sasa ubaya wa kuitoa. Nozeli nyingi zimeshikwa na masikio mawili ya plastiki chini ya boneti, na ili uyafikie unaondoa kwanza klipu za kizuizi cha kelele kilichobandikwa hapo. Plastiki ya gari lililokaa miaka mingi juani na juu ya injini ya moto imekuwa kavu kama biskuti, na swali ni kipi kitavunjika kwanza: klipu, sikio la nozeli, au shina linaloingia kwenye mpira. Punguza hatari kwa kumwagia maji ya moto kabla ya kubana masikio. Mpira uliokauka usiuvute kwa nguvu. Ukate kipande kifupi pale mwisho kwa wembe, kwa sababu kwa kawaida kuna urefu wa ziada, na shina la nozeli ni dhaifu kuliko unavyodhani. Kwa hiyo kanuni yangu ya kuchagua kati ya hizi mbili ni ya kiuoga: ikiwa sina uhakika wa kupata nozeli nyingine, naanza na kuzibua ikiwa mahali pake, tena kwa siki na subira, na naitoa pale tu njia hiyo ikishindikana.

Usisahau kwamba si kila kizibo ni chokaa. Nta ya kung'arishia boneti huingia kwenye matundu na kuganda nyeupe. Siki haiifanyi chochote. Hiyo inataka maji ya moto yenye sabuni na waya.

Isiyogeuka

Hapa hakuna gololi, basi kinachogeuzwa ni mkao wa nozeli nzima. Angalia kwanza kama imeingia vizuri kwenye tundu la boneti na kama raba yake ya chini ipo. Raba ikiliwa upande mmoja, nozeli inainama na maji yanaenda nayo. Kuweka raba mpya kunarudisha kila kitu. Unaweza pia kukata kipande chembamba cha raba na kukipachika chini ya nozeli kwa nyuma au kwa mbele ili kuiinua upande mmoja. Milimita 1 hapo ni nyingi. Kupinda nozeli ya plastiki kwa koleo baada ya kuipasha moto nimewaona mafundi wakifanya, na kuna wanaofanikiwa, lakini njia ya ndani husinyaa mahali palipopindwa na mkondo unapungua nguvu.

Na kama boneti iliwahi kutolewa au kubadilishwa baada ya ajali, huenda nozeli haina hatia. Boneti iliyofungwa juu au nyuma kidogo kuliko mwanzo inahamisha mikondo yote miwili kwa kiasi kilekile na upande uleule. Mikondo miwili ikikosea kwa namna moja, tazama mwachano kati ya boneti na fenda kabla ya kutafuta pini.

Kuweka nyingine ya aina ileile

Wakati wa kuacha kuhangaika unajulikana: gololi imelegea, plastiki imepasuka na maji yanatoka pembeni ya mwili wa nozeli, au tundu limepanuliwa na waliotangulia kuchokonoa. Tundu lililopanuka linatoa mkondo mnene usio na kasi, na kwa kuwa pampu ni moja, linainyima maji nozeli ya pili.

Orijino inakaa kwenye tundu la boneti bila mjadala, na gololi zake mara nyingi zimeshalengwa karibu na panapotakiwa. Ya mtumba kutoka gari la mfano huohuo inakaa vizuri vilevile, ila inakuja na umri uleule wa ile unayoitoa. Ichukue kama gololi bado ina ukinzani na masikio ni mazima, vinginevyo umebadilishana matatizo. Nozeli zilizotengenezwa kutoshea gari lolote ndizo rahisi kupatikana, nazo zinahitaji vipimo vitatu kabla ya kulipa: upana wa tundu la boneti, unene wa bati, na kipenyo cha ndani cha mpira wako, ambacho kwenye magari mengi ni milimita 4 hadi 5. Shina likiwa kubwa kuliko mpira utapasuka siku chache baadaye. Likiwa dogo utachomoka ukibonyeza.

Nozeli yenye nyaya mbili zinazoingia chini ni ya kupashwa moto kwa ajili ya barafu. Ukiweka isiyo na nyaya maji yatatoka sawa, lakini funga ncha za nyaya zilizobaki ili zisigusane.

Badilisha zote mbili kwa pamoja? Kwa gololi si lazima. Kwa feni naona ni busara, kwa sababu moja ikiwa mpya na nyingine imechoka, pazia mbili hazilingani na mpya inachukua sehemu kubwa ya maji.

Kuhama kutoka gololi kwenda feni

Hili ndilo swali linalowavuta wenye magari ya zamani, kwa sababu feni inaonekana ya kisasa na haihitaji kulengwa kwa uangalifu. Tofauti zenyewe ni hizi:

| | Gololi (mkondo) | Feni (kutawanya) |
|---|---|---|
| Eneo linalolowa mara moja | Madoa mawili hadi manne. Waipa inasambaza | Karibu upana wote wa njia ya waipa |
| Kulenga | Kila upande, kwa pini | Juu na chini tu kwa baadhi. Nyingine hazigeuki |
| Kasi kubwa na upepo | Mkondo mnene unastahimili | Matone madogo yanasukumwa kirahisi |
| Pampu iliyochoka | Inafika, ila chini zaidi | Pazia halifunguki, maji yanachuruzika |
| Kuzibuliwa | Waya, siki, upepo | Siki, maji ya kurudi nyuma na upepo wa taratibu tu |
| Kwenye waipa za zamani zinazoanza kwa kuchelewa | Maji yanasubiri kwenye kioo kama mchirizi | Kioo chote kinakuwa ukungu kabla waipa haijafika |

Mstari wa mwisho haupewi uzito wake. Feni inapopiga kioo chenye vumbi, kwa nusu sekunde dereva haoni kitu. Kwenye gari ambalo waipa huanza papo hapo si tatizo. Kwenye gari ambalo lazima uziwashe kwa mkono baada ya kubonyeza maji, nusu sekunde hiyo inarefuka.

Lakini kinachoamua ni pampu. Chemba ya feni inahitaji maji yaingie kwa nguvu ya kutosha ndipo yaanze kuyumba. Mimi ningehama tu ikiwa mkondo wa sasa, nozeli ikiwa safi, unaweza kuvuka ukingo wa juu wa kioo ukiachiwa. Ikiwa hauwezi, feni itakuletea huzuni na boneti iliyolowa. Na kwenye magari makongwe kabisa, yenye pampu ya kubonyeza kwa mkono au mguu, usifikirie kabisa. Volkswagen Beetle ilikuwa na mtindo wake: maji yalisukumwa na upepo uliochukuliwa kwenye gurudumu la akiba, kupitia mpira uliounganishwa na tangi. Gurudumu likipungua upepo, kioo nacho kinakosa maji. Mwenye gari la namna hiyo akilalamika mikondo yake imeshuka, pini ni kitu cha mwisho kumpa.

Nozeli zikiwa hazina kosa

Kama jaribio la mpira lilitoa maji manyonge, anza na vitu rahisi. Chini ya tangi, pale pampu inapoingia, kuna raba yenye kichujio kidogo. Humo hujaa matope na utelezi wa kijani. Kisha pita mpira wote kwa vidole ukitafuta mkunjo, hasa karibu na bawaba za boneti, unakojikunja kila boneti ikifunguliwa.

Ukibonyeza na maji yakachelewa, yakatanguliwa na upepo, mshukiwa ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Kazi yake ni kuiacha mipira ikiwa imejaa. Ikishindwa, maji yanarudi kwenye tangi na kila mbonyezo unaanza kwa kutema chini ya kioo, jambo linalofanana mno na nozeli iliyolengwa vibaya. Valvu mpya ina mshale; uelekee kwenye nozeli, la sivyo hakuna tone litakalotoka.

Gari lenye waipa ya nyuma lina mtego mwingine. Baadhi hutumia pampu moja inayozunguka pande mbili, mzunguko mmoja kwa kioo cha mbele na mwingine kwa cha nyuma. Mipira ikirudishwa kinyume baada ya matengenezo, unabonyeza ya mbele na kioo cha nyuma ndicho kinachooga. Hapo hakuna cha kununua, ni kubadilishana mipira tu.

Maji gani yarudi tangini

Maji matupu ya bomba ni rahisi na ndiyo yanayoacha chokaa iliyoleta maneno yote haya. Pia yanaota utelezi tangini, na suala halikomei kwenye kuziba: mwaka 2010 watafiti wa Health Protection Agency ya Uingereza walitoa utafiti uliohusisha maji ya waipa yasiyotiwa dawa ya kioo na ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na bakteria wa Legionella. Sabuni ya vyombo inatoa povu, inaacha michirizi, na ikikauka kwenye tundu inakuwa kizibo kipya. Dawa ya kioo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikichanganywa na maji yaliyoondolewa madini, ndiyo inayoiacha nozeli mahali ulipoiweka. Na panapoganda ni lazima iwe ile isiyoganda, kwa sababu maji yakigeuka barafu ndani ya nozeli yanaipasua.

Mwaga yote ya zamani kabla ya kujaza, na safisha kichujio cha pampu wakati huohuo. Kisha bonyeza kidogo kidogo hadi dawa yenye rangi itoke kwenye nozeli zote mbili, maana mipira bado imejaa maji ya jana. Ndipo ulenge kwa mara ya mwisho, uendeshe kwa kasi yako ya kawaida ukiwa na mtu pembeni wa kutazama mkondo unapotua, na ukirudi, kama umeshuka, pandisha gololi ya upande wa dereva kidogo.